Mguu Uliokuwa Ukinifuata

Miezi minne baada ya kumzika mwenzangu wa kazi, nilimsikia akitembea nyuma yangu.

Sikuwa ndotoni. Pombe sinywi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, nimebeba ndoo ya rangi kwenye korido ya jengo la ofisi lenye ghorofa tatu, jengo tupu.

Ta. Shraaa. Ta. Shraaa.

Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa.

Katika maisha yangu nilimjua mtu mmoja tu anayetembea hivyo. Na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini.

Nikasimama. Na yeye akasimama.

Nikageuka. Hakuna mtu.

Niliweka ndoo chini nikashuka ngazi mbilimbili mpaka nje getini, na rangi nikaiacha huko huko igande.

Kabla hamjaanza kunicheka kwenye maoni, ngojeni kwanza mumjue marehemu.

Tulimwita Kofia. Kila asubuhi alikuwa anakunja karatasi ya mfuko wa saruji, anajitengenezea kofia ya kuzuia matone ya rangi. Kofia mpya kila siku, miaka kumi na miwili. Alinizidi miaka tisa, na ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Yeye ndiye wa juu ya ngazi, mimi wa chini. Nashikilia ngazi, nampa vifaa, nasikiliza porojo zake.

Miaka yake miwili ya mwisho mguu wa kushoto ulianza kumsumbua. Akichoka, anauburuza. Nikimuuliza anacheka.

"Mguu umezeeka kabla yangu," anasema. "Uache, una haraka zake."

Siku ile tulikuwa tunamalizia sebule ya mama mmoja mkali kama pilipili. Vigae vya sakafuni vilikuwa vipya, vinang'aa mpaka unajiona meno. Ilibaki kona moja tu ya dari, kwa hiyo tulishakunja nailoni zetu zote za kufunikia sakafu tukaziweka mlangoni. Uvivu huo ndio ulioanzisha yote.

Kofia alikuwa juu. Badala ya kushuka tusogeze ngazi, akajinyoosha aifikie kona. Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye kipandio cha chini, mikono yote miwili imeshika ngazi. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa chini. Hana kazi nyingine.

Tone likadondoka.

Mafundi rangi wenzangu mnajua. Tone la rangi kwenye kigae kipya, mkono hauombi ruhusa. Umefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza: futa kabla halijakauka. Na aliyenifundisha ni yeye.

Nikatoa mguu kwenye kipandio. Nikaachia mikono. Nikainama na kitambaa.

Sekunde mbili. Tatu zikizidi.

Nilisikia ngazi inakwaruza ukuta. Kisha uzito wote wa Kofia ukanishukia kwenye nyonga ya kushoto, akabiringika, kichwa chake kikagonga sakafu.

Lile tone nililifuta vizuri kabisa. Mpaka leo hakuna alama pale.

Watu walipouliza, nilisema, "Ngazi iliteleza." Si uongo. Iliteleza kweli. Ila hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwa nimeshika nini wakati inateleza, na mimi sikujisumbua kuwaambia.

Nyonga yangu ilivimba na kuwa nyeusi. Hospitali sikwenda. Ningekwenda wangeniuliza, mtu aliyesimama ameshika ngazi anaangukiwaje kiunoni? Jeraha lile lingesema kila kitu. Nikalifunika na suruali, nikakaza meno msiba mzima.

Mke wa marehemu, shemeji yangu, alinishika mkono pale msibani. "Shemeji," aliniambia, "ahsante kwa kuwa naye mpaka mwisho."

Haki ya nani, nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo nilianza kumkwepa. Na ubaya ni kwamba njia ya kwenda kwangu inapita kwake. Kuna kichochoro cha saruji, ukuta huku na ukuta kule, na dirisha la chumba chake linatazama hapo hapo. Kila jioni nikitoka kazini napita chini ya dirisha lile nimeinamisha kichwa, sisalimii, sigongi, naenda zangu. Mlango wake wa mbele ukawa unakaa umeegeshwa tu, haujafungwa komeo. Nikadhani ni mambo ya msiba, mtu anasahau.

Sasa rudini kwenye korido.

Baada ya siku ile ya kwanza nilimsikia kila siku. Nikianza kazi asubuhi kimya. Kadiri siku inavyosonga na ndoo zinavyozidi, anakuja. Ta. Shraaa. Nikisimama anasimama. Nikikimbia anakimbia. Na kwenye kile kichochoro cha shemeji ndiyo ilikuwa balaa, kuta zile mbili zinarudisha sauti yake mpaka unahisi anakupumulia kisogoni.

Nilijiambia ni akili yangu. Majuto yanacheza na mtu.

Kisha Redio akaniharibia.

Redio ni mlinzi wa lile jengo, mzee mcheshi, tulimbandika jina hilo kwa sababu hazimiki. Mchana mmoja nimekaa naye kibandani kwake, akaniuliza huku anamenya chungwa, "Fundi, yule mwenzako wa juu mbona hashuki kula?"

"Mwenzangu gani?"

"Si yule anayeburuza mguu. Mimi nikiwa chini pale namsikia anapita kichwani kwangu. Shraaa, shraaa."

Kumbe hata wengine wanamsikia!

Nikamweleza. Si yote. Nilimweleza kuhusu Kofia na mguu wake na kaburi lake, yale ya tone nikayameza.

Redio akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu akasema, "Mzimu hauna nyayo. Leo umepiga msasa korido ya juu?"

"Nimepiga."

"Vumbi umelifagia?"

"Bado."

"Basi usilifagie. Pita na ndoo yako kama kawaida, mimi nitakaa mlangoni. Tukiona nyayo ni mtu, tutamkamata. Tusipoziona..." Akatazama chungwa lake. "Tusipoziona mimi naacha kazi."

Tulipanda. Korido nzima ilikuwa nyeupe kwa vumbi la msasa, laini, halijakanyagwa. Nikachukua ndoo iliyojaa, mkono wa kulia kama kawaida yangu, nikaanza kutembea. Sikutazama chini wala nyuma.

Ta. Shraaa. Ta. Shraaa.

"Yupo!" Redio akanong'ona kule mlangoni. "Fundi, yupo!"

Nikafika mwisho. Nikafumba macho, nikageuka, nikayafumbua.

Kwenye vumbi kulikuwa na msururu mmoja tu. Unyayo wa kulia umekaa safi, unahesabu hata mistari ya soli. Wa kushoto haukuwa unyayo. Ulikuwa mburuzo mrefu, ncha ya kiatu imechora vumbi kutoka hatua mpaka hatua.

Redio akachuchumaa. Akatazama, akanitazama.

"Fundi," alisema polepole, "hapa amepita mtu mmoja."

"Nani?"

"Hebu inua kiatu cha kushoto."

Nikainua. Ncha ya soli ilikuwa imelika mpaka unaona kitambaa. Ya kulia nzima.

Redio alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi. "Unajikimbia mwenyewe, bwana! Wiki tatu unaninyima usingizi!"

Mimi sikucheka. Mtasema ningefurahi, kumbe hakuna mzimu. Wallahi nilitamani awe mzimu. Mzimu unaombewa, unaondoka. Huu ulikuwa mguu wangu, na nilijua vizuri umeanza lini na kwa nini.

Nyumbani mke wangu hata hakushangaa.

"Miezi yote hiyo nakwambia unatembea upande, unasema umechoka," alisema. "Kesho unakwenda kwa yule dada wa viungo. Na usipokwenda mimi nakubeba."

Dada wa viungo ni mtaalamu wa mazoezi kwenye zahanati. Mwembamba, mpole, hana maneno mengi. Aliniambia nivue viatu nisimame kwa mguu wa kulia. Nikasimama, hata kutetereka hakuna. Nikajiona shujaa.

"Badilisha."

Nikasimama kwa kushoto. Sekunde mbili, nikalikumbatia kabati lake la dawa.

Akanilaza kitandani, akaniambia niinue mguu pembeni. Nikaona mguu unapanda shubiri moja, unatetemeka, unashuka. Ni mguu wangu, lakini ulikuwa kama naazima wa mtu.

"Mkono gani unabeba ndoo?"

"Wa kulia."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Sisi sote tunabeba upande mmoja, na ngazi tunaanza kupanda kwa mguu mmoja."

Akatikisa kichwa. Kisha akabonyeza nyonga yangu mahali pale pale. Niliruka.

"Hapa uliumia lini?"

"Sijaumia."

"Hapa kuna kitu kizito kilikuangukia," alisema bila kupandisha sauti. "Ukaacha kuuegemea mguu huu kwa maumivu. Maumivu yakaisha, lakini wewe ukaendelea kuuonea huruma. Misuli ya upande huu ikalegea, ya upande ule ikabeba kazi yote. Siku hizi hata ubongo wako haukumbuki kuuita mguu huu kwa wakati. Ndiyo maana unachelewa, na ukichelewa unaburuza. Ni kitu gani kilikuangukia?"

Nikalia. Mwanaume mzima, nimelala kwenye kitanda cha zahanati na suruali imepandishwa, nalia. Yule dada alikuwa mtu wa kwanza duniani kunisikia nikisema, "Niliachia ngazi."

Hakuniambia si kosa langu. Alinipa kitambaa, akangoja nimalize, akasema, "Mazoezi kila siku. Ukifanya leo na kesho ukapumzika wiki, hujafanya."

Basi nikaanza.

Kusimama kwa mguu mmoja huku napiga mswaki. Kuinua mguu pembeni, mara kumi na tano, huku nimelala. Kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi, nikianza na kushoto. Ndoo mkono wa kushoto, nusu kwanza, kisha nijaze. Na ile iliyonitesa kuliko zote, kutembea kwenye mstari mmoja, kisigino kinagusa vidole. Mstari nilijichorea kwa ile gamu ya karatasi tunayobandika kwenye fremu za madirisha zisipate rangi, kutoka mlango wa jikoni mpaka kitandani.

Mke wangu alishika simu anahesabu. "Sekunde tatu, baba! Kuku anakushinda! Kuku analala hivyo hivyo!"

Wiki ya kwanza nilianguka kwenye makochi. Wiki ya nne nikafika sekunde kumi na mbili. Mwezi wa tatu nikaweza kupiga mswaki meno yote bila kushika sinki. Siku moja nikapita kwenye ule mstari wangu huku natazama mbele, sitazami miguu, na miguu yenyewe ikajua pa kwenda. Nyinyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nilikaa kitandani nikaishika miguu yangu.

Na sauti ikawa inapungua. Kwanza ilikuwa inakuja jioni tu. Kisha siku za ndoo nyingi tu. Kisha jioni moja nikapita kichochoroni na kusikia ta, ta, ta, ta.

Nilijisikia nimepona. Wiki iliyofuata nilipanda ngazi kwa mara ya kwanza tangu msiba, Redio kaishikilia chini, nimemwambia, "Likidondoka tone liache lidondoke, mzee wangu, usithubutu kuinama."

Hapo ningemaliza stori. Ningewaambia fanyeni mazoezi, kwaherini.

Lakini wiki mbili baadaye mke wangu alirudi kutoka kwa shemeji, uso umemshuka.

"Shemeji yako hali chakula. Amekonda. Anafunga mizigo, anasema anarudi kwao," alisema. "Nimemuuliza kwa nini sasa, wakati mwaka unakaribia kuisha. Anasema kaachwa mara ya pili. Sijamwelewa. Nenda wewe kaongee naye."

"Mimi?"

"Wewe. Mpaka lini utakuwa unampita kama mwizi?"

Kumbe alijua. Wanawake hawa wanajua kila kitu.

Nilikwenda Jumapili, saa tatu asubuhi. Mlango ulikuwa umeegeshwa kama kawaida. Nikapiga hodi. Shemeji alikuwa kakaa kitandani chini ya lile dirisha, mkononi ana kofia ya karatasi ya saruji, imekunjwa vizuri, haijawahi kuvaliwa.

"Karibu, shemeji. Ulipotea."

"Nilipotea, shemeji. Nisamehe."

Halafu akasema, "Nikikwambia kitu utasema nimechanganyikiwa."

"Sema tu."

"Alikuwa anarudi."

"Kila jioni, shemeji. Saa ile ile aliyokuwa anatoka kazini. Anapita hapa dirishani na mguu wake, shraaa, shraaa. Haingii. Nilidhani anaogopa kunitisha, nikawa namwachia mlango wazi asipate shida ya kugonga. Miezi sita nimelala mlango uko wazi. Nikimsikia amepita, napata usingizi." Akaigeuza ile kofia mkononi. "Halafu akaanza kuja siku moja moja. Sasa haji kabisa. Nimemkosea nini? Labda nilipaswa kutoka kumpokea."

Jamani.

Niliangalia miguu yangu miwili iliyonyooka nikaichukia. Mazoezi yangu yote, sekunde zangu zote za kujisifia, nilikuwa namfukuzia mama wa watu mume wake, hatua kwa hatua.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Kumwacha na mzimu wake ingekuwa rahisi kwangu.

"Shemeji," nilisema, "ni mimi."

Nikamwambia yote. Tone. Kitambaa. Mguu nilioutoa kwenye kipandio. Nyonga. Vumbi la kwenye korido. Nilivyokuwa nampita kila jioni nimeinamisha kichwa.

Hakulia. Alinitazama muda mrefu sana, na sikujua atanipiga au ataniitia majirani.

Mwishowe akafungua mfuko mmoja wa mizigo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaitambua kabla hajaifungua. Michoro ya mtu amesimama kwa mguu mmoja, mtu amelala anainua mguu pembeni. Ilikuwa na mwandiko wa yule yule dada wa viungo.

"Alipewa mwaka mzima kabla ya kuanguka," alisema. "Akaambiwa asipande ngazi mpaka mguu ukae sawa. Akanisihi nisikwambie wewe, ungemkatalia kupanda. Karatasi nikaificha mimi. Kwa hiyo na mimi niliachia ngazi, shemeji."

Nikataka kusema kitu. Akanizuia kwa mkono.

"Sijui kama nimekusamehe. Usiniulize leo. Ila nifanyie jambo moja." Akaiweka ile kofia kitandani. "Nenda pale nje, upite kama ulivyokuwa unapita. Mara moja tu. Sikumuaga."

Nilitoka. Nilisimama mwanzo wa kichochoro, watu wanapita na mambo yao, jua kali. Mguu ule nilioutesa miezi yote utembee sawa, sasa naulazimisha uburuzike. Ulikataa. Hatua mbili za kwanza ukainuka wenyewe. Nikaukaza, nikaushusha, nikauvuta.

Ta. Shraaa. Ta. Shraaa.

Nilipofika chini ya dirisha nilisikia sauti yake ndani, ndogo, anaongea. Sikusimama kusikiliza. Hayakuwa maneno yangu.

Nikapita mpaka mwisho wa ukuta. Na nyuma yangu nikasikia komeo la mlango wa mbele linafungwa. Krak. Mara ya kwanza kwa miezi yote hiyo.

Kesho yake jioni nilitoka kazini na ndoo tupu mkono wa kushoto. Nilifika kichochoroni, miguu inakanyaga sawasawa. Mlango umefungwa. Nikagonga.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, shemeji."

Akachelewa. Nilihesabu kama vile nahesabiwa na mke wangu, nikafika sekunde ishirini na moja. Kisha komeo likavutwa.

"Ingia," alisema. "Siku nyingine ukipita hapa, uwe unagonga."

Mizigo ilikuwa imefunguliwa. Ile karatasi ya michoro ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya kitanda.

Sasa nyinyi mnaosoma hii mmekaa upande mmoja, mnabeba mzigo kwa mkono mmoja, simameni kwa mguu mmoja muone. Ukitetereka, usicheke kama Kofia. Anza leo na ufanye kila siku, maana mguu ukishaanza kuchelewa hautakupigia simu kukwambia. Na kama kuna mlango unaupita kila siku umeinamisha kichwa, gonga. Huko ndani kuna mtu anasikiliza hatua zako, na hujui anadhani ni za nani.